Tatu, au Zaidi ya Tatu?

Bonyeza ukucha wa kidole gumba chako kwa nguvu kidogo, kisha uachilie. Utauona umekuwa mweupe, halafu rangi inarudi. Kama uko mzima, kabla hujamaliza kusema "moja, mbili" itakuwa imesharudi. Hiyo ni damu inayojaa tena kwenye mishipa midogo kabisa, na ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuuliza kama moyo na mishipa vinafanya kazi yao. Haitaki stima, haitaki mashine, haitaki hata kalamu.

Sasa mwambie rafiki yako akubonyeze vilevile, ahesabu kivyake, kisha mlinganishe. Mtapishana. Mmoja anahesabu haraka, mwingine polepole. Mmoja anasema rangi imerudi, mwingine anaona bado kidogo. Kwenu huo ni mchezo tu. Lakini katika wodi ya watoto, tofauti kati ya "sekunde 3 au zaidi" na "zaidi ya sekunde 3" inaweza kuamua nani anaitwa mahututi na nani anaambiwa asubiri kwenye benchi.

Swali lenyewe ni rahisi kulisema: watu wawili wakimtazama mgonjwa mmoja, je, wanaona kitu kimoja? Madaktari wa London waliliuliza walipokuwa wakichungulia utumbo. Pale Kilifi, kati ya Mombasa na Malindi, limeulizwa mara kwa mara tangu miaka ya tisini. Na historia yake ina mwisho ambao wengi hawakuutarajia.

Wodi isiyokuwa na mashine

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianza Kilifi mwaka 1989, ndani ya uwanja wa hospitali ya wilaya, kikiongozwa na Kevin Marsh pamoja na watu kama Norbert Peshu. Daraja la Kilifi lilikuwa halijaisha. Lilifunguliwa mwaka 1991, na kabla ya hapo aliyetoka upande wa Mombasa alivuka kwa feri. Malaria ilikuwa ndiyo malaria ile ambayo bibi zetu bado wanaisimulia: mtoto analala na homa jioni, alfajiri hamjui mama yake.

Mwaka 1995 kikundi cha Marsh kilichapisha hesabu ya watoto 1,844 waliolazwa Kilifi kwa malaria. Waliofariki walikuwa 64. Kati ya hao 64, watoto 54 walikuwa na moja ya dalili mbili, au zote mbili pamoja: fahamu iliyopungua, au kupumua kwa shida. Yaani bila kipimo chochote cha maabara, ukijua kutazama vitu viwili tu, ungekuwa tayari umewaona wengi wa wale waliokuwa wakielekea kufa.

Habari hiyo ilikuwa kubwa. Muuguzi wa zahanati ya Ganze hana mashine ya kupima tindikali ya damu, lakini ana macho na masikio. Ila ujumbe huo unasimama juu ya sharti moja ambalo halikuandikwa popote: kwamba "fahamu iliyopungua" ya muuguzi wa Ganze ni ileile ya daktari wa Kilifi. Fikiria mtoto anayeletwa usiku kutoka Malindi na karatasi ya rufaa iliyoandikwa "amelegea". Amelegea vipi? Kama mtoto aliyechoka? Kama mtoto mwenye njaa? Au kama mtoto ambaye hata ukimfinya hashtuki?

Uso wa mama

Kwa watu wazima, jibu lilikuwa limepatikana Glasgow, Uskoti, mwaka 1974, pale Graham Teasdale na Bryan Jennett walipotoa kipimo chao cha fahamu: macho, maneno, mwendo wa viungo, kila kimoja na alama zake, kisha unajumlisha. Shida ni kwamba sehemu ya maneno inamtaka mgonjwa aongee. Mtoto wa miezi 14 huwezi kumuuliza leo ni siku gani.

Mwaka 1989, kikundi cha Malcolm Molyneux na Terrie Taylor kule Malawi kilitoa kipimo cha Blantyre, kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wenye malaria ya ubongo. Kinaanzia 0 hadi 5. Ukimtia mtoto maumivu kidogo na yeye akapeleka mkono pale panapouma, anapata 2. Akivuta tu kiungo, 1. Asipofanya kitu, 0. Akilia kilio cha kweli anapata 2, akiguguma tu, 1, akinyamaza, 0. Na alama ya mwisho ni ya macho: je, yanaufuata uso wa mama? Ndiyo ni 1, hapana ni 0. Chini kabisa ya ngazi, alama 2 kushuka, ndiyo koma.

Kipimo ni kizuri, na kina utu ndani yake: uso wa mama umepewa alama. Lakini hebu kaa nacho kidogo. Kilio "cha kweli" ni kipi? Mtoto wa miezi 8 aliyekesha akilia tangu jana, sasa sauti imekauka, hicho ni kilio au mgugumo? Na macho yakipita usoni mwa mama yakaendelea na safari yao, yameufuata au yamepita njia?

Ndipo Kilifi wakafanya jambo ambalo ni la aibu kidogo kwa taaluma yoyote: walijipima wenyewe. Mwaka 1995 Mike English na wenzake walichapisha utafiti juu ya tofauti za waangalizi katika dalili za kupumua za malaria kali. Mwaka 1997 Charles Newton na wenzake wakafanya vivyo hivyo kwa vipimo vya koma, wakavilinganisha kadhaa, Blantyre kikiwamo. Utaratibu wa tafiti za aina hii ni wa kawaida tu: tabibu wa kwanza anamtazama mtoto, anaandika, wa pili anamtazama mtoto yuleyule bila kujua mwenzake ameandika nini. Ungekuwa wewe ndiye mama uliyeketi pale kitandani, pengine ungeuliza mbona mtoto anafinywa mara mbili. Jibu la ukweli lingekuwa hili: mama, hapa hatumpimi mtoto wako peke yake, tunajipima na sisi.

Na waangalizi hawakukubaliana kila mara. Hapo ndipo historia inapoanza kunoga.

Kukubaliana kwa bahati

Kabla hatujaendelea, kuna mtego mmoja. Kama matabibu wawili wamekubaliana kwa watoto 82 kati ya 100, hiyo ni alama nzuri, si ndiyo? Inategemea. Tuseme watoto wengi wanaoletwa si mahututi, na kila tabibu anajua hivyo. Wa kwanza anaandika "yuko sawa" kwa watoto 90 na "mahututi" kwa 10. Wa pili naye ni 90 na 10. Lakini wote wawili wanaandika wamefumba macho, hata mtoto hawajamwangalia. Piga hesabu: kwa bahati tu watasema "sawa" pamoja kwa watoto kama 81, na "mahututi" pamoja kwa mtoto 1. Jumla 82. Hawajaona kitu, na bado wanafanana vizuri kwenye karatasi!

Mwanasaikolojia wa Marekani, Jacob Cohen, alitoa dawa ya mtego huo mwaka 1960. Aliipa kipimo chake jina la herufi ya Kigiriki, kapa. Kapa inaondoa kwanza makubaliano ya bahati, ndipo inauliza kilichobaki. Wale wawili waliofumba macho wanapata 0. Wanaoona sawa kila mara wanapata 1. Kazi nyingi za wodini huangukia mahali fulani katikati, na hapo katikati ndipo watu wazima wenye digrii wanapobishana.

Huko kwingine, ndani ya utumbo

Usidhani hili ni tatizo la hospitali zenye vifaa vichache. Lipeleke London, mwaka 1964. Madaktari watatu, Baron, Connell na Lennard-Jones, walichapisha makala kuhusu wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda, ugonjwa unaofanya ukuta wa utumbo mpana uvimbe, utoke vidonda na kuvuja damu. Daktari huingiza kifaa cha kuchungulia na kusema hali ni nyepesi, ya wastani au kali. Watatu hao waliuliza swali lilelile: je, wanaochungulia utumbo mmoja wanaona kitu kimoja? Hawakuona sawa. Wekundu, kwa mfano, ni jambo la kiasi, na kiasi kinakaa kwenye jicho la mtazamaji.

Miaka ikapita, kamera zikawa bora, na mwaka 1987 likaja gredi la Mayo: 0 hadi 3, kutoka utumbo wa kawaida hadi unaovuja damu wenyewe. Kwenye karatasi linaonekana halina utata. Halafu mwaka 2012 kikundi cha Simon Travis kilipokuwa kikitengeneza kipimo kipya, kiliwaonyesha wataalamu video za wagonjwa. Penye hali kali, makubaliano yalikuwa asilimia 76. Na je, utumbo wa kawaida? Asilimia 27. Isome tena. Wataalamu walikubaliana juu ya ugonjwa mkali kuliko walivyokubaliana juu ya uzima.

Ukifikiria, si ajabu sana. Nyumba inayoungua kila mtu anaiona. Nyumba iliyo sawa, mmoja ataona ufa pale kwenye kona.

Gharama yake ni nini? Mwaka 2013 kikundi cha Brian Feagan kilitazama upya jaribio la dawa ya kolaitisi ambalo matokeo yake hayakuonyesha wazi kwamba dawa inafanya kazi. Video zilisomwa tena na msomaji mmoja wa kati, asiyejua mgonjwa ni nani wala amepewa nini. Asilimia 31 ya wagonjwa walioingizwa, kwa macho yake, hawakuwa wagonjwa kiasi kilichotakiwa. Walipoondolewa kwenye hesabu, faida ya dawa ikaonekana. Dawa haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jicho.

Kilifi nao wana hadithi inayokaribiana na hiyo. Chanjo ya nyumokoko iliingia Kenya mwaka 2011. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu watoto waliolazwa Kilifi ulipima nimonia kwa njia mbili. Nimonia iliyotambuliwa kwa dalili za kitandani ilishuka kwa asilimia 27. Nimonia iliyothibitishwa kwa eksirei zilizosomwa kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani ilishuka kwa asilimia 48. Chanjo ni moja, watoto ni wa eneo moja. Sababu si jicho pekee, maana doa lile la eksirei liko karibu zaidi na nimonia ya bakteria kuliko kikohozi chenye kasi ya kupumua. Lakini kadiri unavyojua kwa uhakika zaidi unachokiita nimonia, ndivyo unavyoona vizuri zaidi chanjo ilivyokifanya.

Mikono ya baridi, dripu ya kasi

Sasa turudi kwenye ule ukucha.

Mwaka 2004, matabibu wa Kilifi wakishirikiana na Kathryn Maitland walichapisha utafiti wenye swali la moja kwa moja: je, dalili za shoki zinazotazamwa kitandani zinarudiwa sawasawa na watu tofauti? Shoki hapa si mshangao. Ni ile hali ambapo damu haifiki vizuri kwenye mwili: miguu inakuwa ya baridi huku tumbo lina moto, mapigo mkononi yanakuwa hafifu, rangi ya ukucha inachelewa kurudi. Mama yeyote wa Pwani atakwambia "mwili moto, miguu barafu" na atakuwa ametaja dalili ambayo madaktari wameipa jina refu. Dalili hazikutoka sawa; nyingine watu waliziona kwa pamoja kuliko nyingine.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu kulikuwa na swali kubwa zaidi lililosubiri. Vitabu vya tiba vya nchi tajiri vilisema mtoto mwenye shoki apewe maji ya dripu kwa kasi, mengi, mara moja. Ilikuwa karibu ni imani. Lakini hakuna aliyekuwa ameijaribu vizuri imani hiyo kwa watoto wenye homa kali katika hospitali zisizo na chumba cha wagonjwa mahututi.

Jaribio hilo liliitwa FEAST. Lilifanyika katika hospitali sita: Kilifi kwa Kenya, Teule kule Muheza kwa Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Angalia masharti ya kuingia: mtoto mwenye homa kali, ambaye fahamu imepungua au anapumua kwa shida, na ambaye damu haizunguki vizuri. Fahamu, pumzi, mzunguko wa damu. Ni dalili zilezile tatu ambazo Kilifi walikuwa wamejipima juu yake mwaka 1995, 1997 na 2004. Watoto wa kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Hao tiba yao ya maji ni habari nyingine.

Watoto waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa dripu ya kasi ya albumini, wengine dripu ya kasi ya maji ya chumvi, na wengine hawakupewa dripu ya kasi. Walipata maji ya kawaida polepole. Mpango ulikuwa watoto 3,600. Januari 2011, baada ya watoto 3,141, kamati ya usalama ilipendekeza kusimamisha.

Wengi walidhani limesimamishwa kwa sababu dripu imeshinda. Kumbe ni kinyume. Ndani ya saa 48, vifo vilikuwa asilimia 10.6 kwa waliopewa albumini ya kasi, asilimia 10.5 kwa waliopewa maji ya chumvi kwa kasi, na asilimia 7.3 kwa wale waliotibiwa polepole. Karibu watoto 3 zaidi katika kila 100, waliokufa wakipewa kile ambacho kila mtu aliamini kinaokoa.

"Hiyo haikuwa shoki"

Ubishi ulilipuka mara moja, na ulilipuka pale hasa ambapo historia hii imekuwa ikielekea. Wapinzani walisema: hao wenu hawakuwa na shoki ya kweli. Shirika la Afya Duniani lilitaka dalili zote kwa pamoja: mikono ya baridi, rangi ya ukucha kuchelewa zaidi ya sekunde 3, na mapigo hafifu yenye kasi. FEAST ilikubali hata dalili moja, na kwa ukucha ilihesabu kuanzia sekunde 3. Tatu, au zaidi ya tatu?

Hapa ndipo ile kazi ya kuchosha ya kujipima ilipolipa. Kwa kuwa kila dalili ilikuwa imefafanuliwa na kuandikwa kando kando, badala ya kuandikwa tu "mahututi", watafiti waliweza kurudi kwenye daftari na kuwatoa wale waliotimiza masharti makali ya Shirika. Walikuwa 65 tu, kati ya watoto zaidi ya elfu tatu. Kati ya 50 waliopewa dripu ya kasi, walikufa 24. Kati ya 15 ambao hawakupewa, walikufa 3. Idadi ni ndogo, na hakuna mtu makini atakayejenga nyumba nzima juu yake. Lakini haikuwaokoa wale waliosema kwamba shoki "ya kweli" ingependa dripu.

Na tazama jambo jingine: ufafanuzi mkali kiasi cha kuwapata watoto 65 kati ya elfu tatu, muuguzi wa usiku ataukutana mara ngapi? Ukilaza, unaita kila mtu mahututi. Ukikaza, karibu hakuna anayestahili. Hakuna kipimo kilichoandikwa mbinguni. Watu ndio wanaokaa mezani na kuamua mstari upite wapi, kisha watoto wanaangukia upande huu au ule. Mwaka 2016 Shirika lilitoa mwongozo mpya wa dharura za watoto, na maji ya shoki yakapunguzwa kasi.

Sasa kuna kishawishi cha kuisoma historia hii kama ushindi wa makubaliano: tufundishane, tuone sawa, tutaokoa watoto. Nusu yake ni kweli. Lakini FEAST inasema jambo gumu zaidi. Madaktari wa dunia walikuwa wamekubaliana juu ya dripu ya kasi, na makubaliano hayo hayakuwalinda watoto. Watu wawili wanaweza kuona kitu kimoja na wote wawili wakakosea tiba. Kapa ya 1 haikuhakikishii ukweli. Inakuhakikishia tu kwamba mnazungumza juu ya kitu kimoja.

Na hilo, ukiliangalia vizuri, si dogo. Kama kila tabibu angeita shoki kile anachokiona yeye, FEAST ingetoa matokeo ya ukungu: wengine walikufa, wengine walipona, nani ajuaye. Kila mmoja angeendelea na mazoea yake huku akiamini wagonjwa wake ndio walikuwa wa kweli. Kosa lisingekuwa na anwani. Ni kwa sababu watu walijisumbua kukubaliana maana ya mguu wa baridi na sekunde 3 ndipo dunia ikaweza kuambiwa, kwa namba, kwamba imekosea.

Leo kuna kompyuta zinazofundishwa kusoma eksirei na video za utumbo, na wengine wetu tunazisubiri kwa hamu kwa sababu mashine haina usingizi wala haichoki zamu ya usiku. Sawa. Ila mashine hizo hujifunza kwa picha ambazo binadamu walizipa gredi kwanza. Mtu akikuletea moja, kabla hujamuuliza ina akili kiasi gani, muulize waliotoa yale majibu walikuwa wangapi, na walikubaliana mara ngapi.